Sura ya Tisa: Nyumba Isiyo Yake

Bi Mwanamkisi alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo tangu alfajiri, na kila askari aliyepita alimuuliza swali lile lile: "Mumemfunga au bado?"

Askari wa zamu alikuwa ameshamjibu mara nne. Mara ya tano akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Inspekta Tima Barka alipoingia saa mbili asubuhi, mtandio umekaa upande na chai hajanywa, yule mama aliinuka akamshika mkono, akaukaza.

"Mwanangu, nakwambia hapa mbee ya watu. Aliyemuua Taha wangu niliyemzaa simsamehe. Duniani simsamehe, akhera simsamehe. Awe nani, awe wa nani. Nataka nimuone kwa mato yangu akitiwa pingu, kisha Mungu anitwae."

"Bi Mwanamkisi, usiape sana."

"Naapa mara tatu. Wallahi, billahi, tallahi."

Tima angeweza kumwambia aende akapumzike. Lakini yeye ndiye aliyemfunika Taha shuka kwenye sakafu ya mtambo kule Kiwayu, siku nane zilizopita, na tangu siku hiyo naye alimtaka huyo muuaji. Alimtaka vibaya.

"Saa nane mchana Mahir Badawi, yule aliyepanga chipu ya mtambo, anapelekwa mahakamani," akasema. "Kabla ya hapo nitapita kwako nikueleze mwenyewe tumefika wapi. Nenda nyumbani, mama. Hapa kuna joto."

"Joto la motoni ndilo joto," akasema Bi Mwanamkisi, akajitanda buibui lake akaenda zake.

Ofisini, Jerioth alikuwa ameshateka meza. Jerioth ni mtaalamu wa vifaa vya elektroniki aliyeletwa kutoka Mombasa, mama wa miaka hamsini na ushei mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani. Alikuwa ametandaza karatasi mbili zilizochorwa visanduku vya rangi, na kikombe chake amekiweka juu ya jalada la kesi ya punda aliyeibwa.

"Toa kikombe juu ya punda wangu," Tima akasema. "Haya. Nieleze kama unayemweleza mtu wa Faza aliyefeli fizikia."

"Ulifeli kweli?"

"Nilifeli vizuri tu. Endelea."

Jerioth akacheka, akavuta karatasi ya kwanza. "Mtambo wa Kiwayu unatoa chumvi kwenye maji ya bahari yawe ya kunywa. Pampu inasukuma maji kwa presha kubwa. Presha ikizidi, kisanduku cha kuongozea kinazima pampu. Siku ile hakikuzima, bomba likapasuka, Taha akiwa hatua mbili tu kutoka hapo. Mpaka hapo tuko pamoja?"

"Nilifika baadaye. Nililiona bomba."

"Basi ndani ya kisanduku kuna chipu. Si chipu iliyokuja na kazi yake kutoka kiwandani. Hii unaipanga mwenyewe. Chukulia ni kiwanja kitupu. Unaandika wafanyakazi unaowataka: wa kuhesabu, wa kuendesha pampu, na mlinzi wa kuangalia presha. Halafu programu inawagawia mahali pa kukaa. Ukiiachia, inawaweka inavyotaka yenyewe, leo hapa, kesho pale. Kwa hivyo mtu makini anaandika faili ya masharti. Huyu akae hapa, asitoke. Pale pasikae mtu."

"Kwani mahali pana neno gani? Kazi si ni ile ile?"

"Pana neno kubwa sana." Jerioth akagonga ukingo wa karatasi kwa kalamu. "Habari ya presha inaingia mlango huu. Hii ndiyo faili tuliyoikuta kwenye kompyuta ya Mahir. Mlinzi amewekwa hapa hapa mlangoni, anasikia hapo hapo. Sasa tazama ya pili, iliyokuwa inatumika Kiwayu. Mlinzi amepelekwa huku mwisho kabisa. Habari inatembea chipu nzima kumfikia. Asubuhi, chipu ikiwa baridi, inawahi. Saa saba mchana, bati limewaka, chipu ina moto, habari inachelewa. Mlinzi anaambiwa kila kitu kiko salama, kumbe anasoma habari iliyopitwa na wakati."

"Na ukiijaribu asubuhi?"

"Inafaulu. Ukiijaribu mara mia, inafaulu mara mia. Na usiniambie ni bahati mbaya, kwa sababu programu yenyewe ililalamika. Ilitoa onyo kuwa masharti ya muda hayajatimia. Mtu akaiandikia ipuuze."

Tima akavuta kiti akaketi. Alikuwa ameona watu wakiuawa kwa panga, kwa sumu na kwa gogo la mkoko. Hakuwa ameona mtu akiuawa kwa kuhamisha mlinzi kutoka mlangoni.

"Hii ya pili mliipata wapi?"

"Kwenye fleshi. Ilikuwa bado imechomekwa kisandukuni." Jerioth akabadilisha miwani. "Na kuna kitu kinanisumbua. Kwenye faili ya Mahir, sehemu zimeitwa A, B, C, D, E. Kwenye hii ya fleshi, sehemu ni zile zile, vipimo vile vile, lakini zina majina. Mimi si mtu wa huku, nisomee wewe."

Tima akasoma. DAKA. KIWANDA. NDANI. KATI. WIKIO.

"Hii ni nyumba," akasema polepole. "Nyumba ya mawe ya Lamu. Daka ni hapa nje, kwenye viti vya mawe, anapokaribishwa mgeni mwanamume. Kiwanda ni ua wa ndani. Ndani ni kwa wanawake. Nyumba ya kati ni chumba cha nyuma wanapooshea maiti. Wikio ni daraja lenye chumba, linapita juu ya njia mpaka nyumba ya pili. Na hii KATI mbona ni nyeupe?"

"Sharti lake linasema pasikae kitu. Imeachwa tupu."

"Ndivyo inavyokaa. Hakuna anayeweka kabati lake pale." Tima akafuata mchoro kwa kidole. Mlinzi alikuwa ametolewa DAKA akapelekwa ng'ambo ya WIKIO. Sehemu ya NDANI ilikuwa na kona moja iliyoliwa, kama mkate uliong'atwa na panya. "Na hii kona?"

"Sijui. Kwenye chipu hapo hapana tatizo lolote."

Mahir Badawi alikuwa na miaka thelathini na minne, tuzo moja ya Nairobi, na shati ambalo hata usiku wa rumande haukulikunja. Alianza kujibu kabla Tima hajakaa.

"Ile kazi ni yangu, Inspekta, tangu mwanzo mpaka mwisho, peke yangu. Lakini sikumuua mtu."

"Sijakuuliza kama ulikuwa peke yako."

Tima akamwekea karatasi yenye majina. Alikuwa akimtazama usoni, na aliona uso ukimpauka.

"Hii... hii mmeitoa wapi?"

"Kiwayu. Ni yako?"

Akaomba maji. Akayanywa yote. Jerioth alikuwa mlangoni, mikono amefumbata.

"Ni yangu," Mahir akasema mwishowe. "Ni faili ya mwanzo. Niliipanga kwa mfano wa nyumba yetu, hapa Mkomani. Nimelisema hata siku ya tuzo, kwamba ni nyumba ya mababu zangu."

"Mashallah. Na hili wikio lenu linakwenda wapi?"

"Kwa... kwa jirani."

"Jirani gani?"

"Zamani. Jirani wa zamani."

"Na kona hii iliyoliwa?"

"Hapo chipu ina hitilafu. Nikaikwepa."

Jerioth akakohoa kikohozi kikavu, kikohozi cha mtu aliyesikia uongo wa fani yake.

Nje ya chumba Tima alisimama akauma ukucha. "Umemsikia? Faili hii ndiyo inayomfunga. Mtu mwenye akili angesema siijui, si yangu, mnanisingizia. Huyu anaikumbatia. Anakubali kamba ya shingo ili asivuliwe kanzu."

"Ana siri anayoiogopa kuliko jela?"

"Ana tuzo. Chukua utepe wa kupimia, twende tukaione nyumba ya mababu."

Kutoka kituoni mpaka kwa kina Mahir walitumia dakika kumi, mbili zikiwa za kumpisha punda mwenye saruji. Mamake Mahir alifungua mwenyewe, macho yamevimba, akawaacha wapime watakavyo. Walipima daka, wakapima ua, wakaingia ndani kwa ruhusa yake. Kona zote nne za ndani zilikuwa nzima. Mbele ya nyumba kulikuwa na uwanja mpana, na upande wa pili ukuta wa madrasa.

"Wikio lenu liko wapi, mama?" Tima akauliza.

"Wikio? Sisi?" Yule mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa meli yake ameiegesha wapi. "Hatuyapata kuwa na wikio. Tuliweke wapi, liangukie uwanja?"

"Mahir alijifunza kazi hii wapi?"

"Chuo, Mombasa. Kisha miaka miwili alikuwa akisoma na yule binti wa Bi Mwanamkisi, Sundus. Kwa heshima, mwanangu, usinifahamu vibaya. Wakiketi dakani kwa kina Sundus na kompyuta zao, na Taha, Mungu amrehemu, kati yao. Mwanangu hakupata kuvuka daka la watu."

Jerioth akaacha kukunja utepe. Tima alishukuru, akatoka, akasimama njiani. Saa yake ilisema saa tano na nusu.

"Sasa?" akauliza Jerioth.

"Sasa nilimuahidi mama mmoja kwamba nitapita kwake."

Nyumba ya Bi Mwanamkisi ilikuwa mitaa mitatu kutoka hapo. Dakani walikuwa wamejaa wanaume waliokuja kumsomea Taha hitma, wakawapisha. Tima na Jerioth, kwa kuwa ni wanawake, walipitishwa moja kwa moja: ua, ngazi, mpaka ndani, wakaketishwa juu ya mkeka mpya.

"Makiwa, Bi Mwanamkisi."

"Tunayo, mwanangu. Mumemfunga?"

Tima alitazama ukutani. Kona ya kushoto ya chumba ilikuwa imeingia ndani kwa dhiraa nzima, ukuta mnene umekuja mbele bila sababu.

"Kona hii, mama, mbona iko hivi?"

"Kisima cha msikiti kiko nyuma. Waliojenga waliwapisha watu wa msikiti." Akapunga mkono kwa pupa. "Niambie habari za yule mshenzi."

Kushoto kwa kona kulikuwa na mlango mdogo uliofungwa. Nyumba ya kati. Kulia, mlango mwingine ulikuwa wazi, na mwanga wa jua ulipita kwenye chumba chembamba kilichovuka juu ya njia. Jerioth aliutoa ule mchoro mkobani, akautazama, akaurudisha. Hakuhitaji utepe.

"Bi Mwanamkisi, nataka unikumbushe jambo moja. Taha alipoondoka Jumatatu ile kwenda kazini Kiwayu, alichukua nini?"

Mama alikaa sawa. Hili lilikuwa swali la kisasi, na yeye alikuwa tayari kwa kila swali la kisasi. "Nakumbuka kama yeo. Alitwaa mfuko wa nguo, na msahafu wake. Dadake alimfungia mahamri ya njiani. Akampa na kidude kidogo cha kompyuta, akamwambia, Taha, hiki ukitie kwenye sanduku la mtambo, kisha unirudishie, usikipoteze. Taha akakitia mfuko wa shati, hapa kifuani. Andika, mwanangu. Andika yote, mahakama iyue."

Tima hakuandika.

Kwenye mlango wa wikio alikuwa amesimama Sundus, sinia la kahawa mkononi. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mrefu, vidole vina makovu madogo ya waya wa kuchomelea. Aliliweka sinia chini bila kumwaga hata tone.

"Mama, nyamaza," akasema. "Inspekta, niulize mimi."

"Ile nyumba kwenye chipu ni hii."

"Ni hii. Niliichora mimi, kwa usiku mmoja wa Ramadhani. Nikasema mlinzi wa presha akae dakani, kwa sababu mlinzi hukaa mlangoni. Nikasema nyumba ya kati isikaliwe. Mahir aliuliza kwa nini pasikaliwe, nikamwambia wewe andika tu." Sauti yake ilianza kupanda. "Akaondoka na kazi yangu, Inspekta. Akafuta majina, akatia A na B. Akasimama jukwaani Nairobi akapigiwa makofi, akasema ni nyumba ya mababu zake. Mababu zake! Mtu ambaye hajui hata ngazi yetu iko upande gani! Nilikwenda kwa wale wenye mtambo, wakaniuliza, dada, una ushahidi? Wakacheka. Nami nikasema sawa. Ushahidi nitawaletea Jumatano, siku ya uzinduzi, saa saba mchana, wageni wakiwa kwenye viti."

"Ukamhamisha mlinzi."

"Nikampeleka ng'ambo ya wikio. Presha ingezidi, na kuna vali ya chuma ukutani, hiyo haihitaji chipu, ingefunguka. Ingewamwagia maji ya chumvi wageni wote na suti zao. Mahir angeitwa aeleze kosa liko wapi. Asingejua! Wallahi asingejua, maana hajui mlinzi aliwekwa pale kwa nini. Hapo ndipo ningesimama mimi."

"Vali haikufunguka," Jerioth akasema kwa upole. "Niliishika mwenyewe. Chumvi imeiganda, haigeuki hata kwa nyundo."

"Sikuiangalia." Sundus alitazama makovu ya vidole vyake. "Nilihesabu kila kitu, hiyo sikuiangalia. Nilimwambia Taha, usiwashe mpaka Jumatano. Nilimwambia mara mbili."

"Akawasha Jumanne."

"Alijua ni kazi yangu. Alikuwa akiketi na sisi dakani, aliona. Aliponipigia alisema, dada, acha nijaribu kwanza mchana wa leo, usije ukatahayari mbele ya watu. Nikamwambia Taha, usiguse. Simu ikakatika. Nilipiga mara kumi na saba."

Hakuna aliyeigusa kahawa. Chini, dakani, wanaume walikuwa wakimalizia juzuu, sauti zao zikipanda kwa pamoja.

Bi Mwanamkisi alikuwa amekaa vile vile, mikono magotini. Alipozungumza hakumtazama binti yake. Alimtazama Tima.

"Subuhi kituoni niliapa mara ngapi?"

"Tatu, mama."

"Nilisema isipokuwa mwanangu?"

"Hukusema."

"Nilisema awe nani, awe wa nani. Ulisikia wewe, alisikia na yule askari wa kalamu."

Sundus alipiga magoti, akamshika miguu. "Mama, nilitaka aaibike tu. Nilimlenga Mahir. Mama, nisamehe."

Mama alivuta mguu wake wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, kama mtu anayetoka matopeni.

"Na Mahir?" Sundus akauliza, uso bado uko chini. "Anaachiwa?"

"Kwa mauaji, ndiyo," Tima akasema. Alikuwa na hasira, na hakujua aipeleke kwa nani, basi akaipeleka kwa yule aliyestahili. "Lakini hatoki leo. Nitamfungulia jalada la wizi kwa mkono wangu, na nitamuuliza mbele ya hakimu, na waandishi wote wawepo, wikio linakwenda wapi."

Sundus alicheka kicheko kifupi kibaya. "Basi kisasi changu chote kimempata Taha peke yake."

Tima akasimama. Aligusa pingu kiunoni, akaziacha. "Twende, Sundus. Nitakutia huko nje."

"Mtie hapa," akasema Bi Mwanamkisi.

"Mama, hakuna haja..."

"Nilisema nataka nione kwa mato yangu. Mtie."

Tima alimtia. Chuma kilifunga mkono wa kwanza, kikafunga wa pili, na yule mama alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akainuka kwa shida, akaliondoa buibui lake mwenyewe kwenye msumari, akamfunika binti yake kichwani. Akalivuta mbele mpaka mikono yote miwili ikafichika, akalisawazisha mabegani kama anayemtengeneza bibi harusi.

"Dakani kumejaa watu," akamwambia Tima. "Mpitisheni wikioni. Mushuke nyumba ya pili, mutokee ndia ya pwani. Nyumba ile ni yake, ya kuolewa. Na wikio hili nalilitengeza upya mwaka yana, apite siku ya harusi yake asionwe na mtu."

Wakapita, Jerioth mbele, Sundus katikati, Tima nyuma. Chini yao, njiani, muuza kashata alikuwa akitangaza biashara yake. Hawajafika ng'ambo walipomsikia Bi Mwanamkisi akiusukuma mlango nyuma yao, akatia komeo.